Ekari Sita za Hewa

Usingizi uliomchukua Eliza Namwinga siku ile haukuwa wa kuutafuta. Alikuwa ameketi jikoni kwake mchana kweupe, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la pumba, akisubiri maharage yaive, na mwiko ulikuwa bado mkononi macho yalipofumba. Ulikuwa mwezi wa kumi, majira ambayo nyanda za Mpwito hazina jani bichi, mashamba yamekwisha kulimwa, udongo mwekundu umelala wazi unangoja mvua, na kila mkulima anatembea akijiuliza moyoni: mbegu ninayo, jembe ninalo, mbolea je? Mwili wake haukuwa na uchovu wa kazi. Kilichomchosha ni neno moja alilolisema asubuhi barabarani, neno dogo la kusemwa na mtu anayepita, nalo lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Haliendi chini, halirudi juu.

Mwaka ule serikali ilikuwa inatoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima wa mahindi. Mwenye ekari moja angepata mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa bei isiyofika nusu ya ile ya dukani, ili mradi jina lake liwe kwenye daftari la wakulima pamoja na idadi ya ekari zake. Daftari liliandikwa na mtendaji wa kijiji, Bwana Sikanyika, na kuhakikiwa na kamati ya wanakijiji watano. Eliza, mjane wa miaka hamsini na miwili, alikuwa mmoja wa hao watano. Mkutano mzima ulimpigia makofi siku ya kumchagua, kwa kuwa alijua kusoma vizuri na hakuwahi kusikika amekula cha mtu.

Asubuhi hiyo kamati ilikutana kutia sahihi, na Eliza alipopitisha kidole kwenye kurasa aliona mambo mawili. La kwanza, mbele ya jina lake paliandikwa ekari nane, na yeye alikuwa analima mbili. La pili, jina la Yoramu Simfukwe, mkulima wa ng'ambo ya kijito na rafiki wa marehemu mumewe, lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni paliandikwa kwa mwandiko mzuri: amehama.

"Bwana Mtendaji," Eliza alisema, "Yoramu hajahama. Jana jioni nimemsikia akiita mbuzi wake."

Sikanyika hakuinua macho. "Mama Lusungu, tazama mstari wako kwanza. Ukishautazama vizuri, uniambie kama bado una neno."

Aliutazama. Ekari sita za nyongeza ni mifuko kumi na miwili, na mifuko kumi na miwili, ukiiuza kwa bei ya dukani, ni ada ya binti yake Lusungu aliyekuwa chuo cha uuguzi, tena ikabaki ya mabati. Wajumbe wengine wanne walikuwa nao wameinamia mistari yao, na hakuna aliyekuwa na neno. Kosa la Yoramu lilijulikana. Mwaka uliopita alisimama mkutanoni akauliza mifuko arobaini ya mbolea ya kijiji ililala wapi, na hakujibiwa mpaka leo. Eliza akashika kalamu, akatia sahihi yake chini ya sahihi za wenzake. Alipotoka nje akamkuta Yoramu mwenyewe anamngoja kando ya barabara, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Shemeji, umeliona daftari? Jina langu lipo?"

"Lipo," Eliza akajibu, na akapita.

Basi usingizi ulipomkolea pale jikoni, alijiona anatembea katika barabara ya vumbi asiyoijua, katika nchi yenye jua lisilo na mahali pake, mara liko mbele, mara liko ubavuni. Barabara yenyewe haikutulia. Kila alipokanyaga ilijisogeza kidogo chini ya unyayo, kama mkeka uliotandikwa juu ya rundo la nafaka, hata akawa hana hatua mbili zinazofanana. Watu wengi mno walikuwa wanakwenda upande mmoja naye, kila mtu ana mzigo kichwani uliofunikwa kwa nguo, wala hakuna aliyemuuliza mwenziwe amebeba nini. Walikuwa wanatazamana kwa pembe za macho na kuongeza mwendo. Naye Eliza akaongeza mwendo, ingawa hakujua anawahi wapi, kama mtu aliyechelewa msibani.

Mara kivuli kikamwangukia. Kijana mtanashati alikuwa ametokea ubavuni pake, shati limenyooshwa, viatu havina hata chembe ya vumbi, na mkononi ameshika mwavuli mpana mweusi.

"Jua kali hili, mama," alisema kwa sauti laini kama uji wa mgonjwa. "Karibu kivulini."

"Ahsante, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Udhuru. Unanifahamu vizuri, ila hatujawahi kwenda safari ndefu pamoja." Akamshika kiwiko kwa heshima. "Nimekuja kukupunguzia mawazo. Mtoto wako anasoma uuguzi, na kesho atawatibu hao hao wa Mpwito. Hapo kuna wizi gani? Wenzako wanne wametia sahihi. Wewe peke yako ungezuia nini? Na yule Yoramu naye, kinywa chake kilimponza siku nyingi, si wewe uliyemtuma asimame mkutanoni."

Kila neno lilikuwa tamu, na kila neno liliposemwa mwavuli ulishuka kidogo, kidogo tena, hata Eliza akawa haoni mbali zaidi ya ncha za vidole vyake vya miguu. Angeendelea hivyo, kwa kuwa kivuli kile kilikuwa kizuri kweli, kama asingesikia mtu anahesabu kwa sauti kavu: sitini na saba, sitini na nane, sitini na tisa, sabini. Aliinama akachungulia nje ya mwavuli. Mwanamke mfupi, mkavu, kanga ameifunga kiunoni kama anayekwenda kuvuna, alikuwa anatembea kando ya barabara kwa hatua zilizolingana, na bega lake limebeba kamba ndefu yenye mafundo. Kwake peke yake barabara ilikuwa imetulia.

"Unapima nini, dada?" Eliza akamuuliza.

"Kilichopo," alijibu mwanamke yule. Akasimama, akachomeka kijiti ardhini, akageuka. "Mimi ni Kiasi. Hatua sabini kwa sabini, hiyo ndiyo ekari moja. Haiongezeki kwa cheo cha mwenye shamba, wala haipungui kwa ubaya wa mdomo wake. Unakoelekea napajua, na nikitangulia unaweza kunifuata, lakini sisukumi mtu."

"Huyo hana huruma," Udhuru akanong'ona. "Muulize amemlipia nani ada."

Eliza hakuuliza. Alimfuata Kiasi, na Udhuru akamfuata yeye, mwavuli ukimgonga kisogoni kila alipotaka kuinua kichwa, na hivyo wakaenda wote watatu hadi kwenye lango la mji mkubwa. Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa miraba minne, mikono kama mihimili ya nyumba, na Eliza alipomwona akapunguza mwendo. Alipokaribia akaona kwamba mlinzi mwenyewe anatetemeka. Meno yake yalikuwa yanagongana, naye alimwinamia kila mtu aliyepita akamwambia kwa sauti nyembamba, "Sema walivyosema waliotangulia. Tafadhali. Sema vivyo hivyo." Jina lake lilikuwa Woga, na watu walimtii, si kwa sababu ya mikono yake, bali kwa sababu meno ya mtu yakigongana karibu nawe, yako nayo huanza.

Nyuma ya Woga palikuwa na ubao wa majina. Eliza, kwa mazoea ya mtu anayejua kusoma, alipitisha kidole. Lilikuwamo jina la Ukarimu, na mbele yake: hajulikani. Lilikuwamo jina la Ujasiri, na mbele yake: mgonjwa. Chini kabisa, lenye mstari juu yake, lilikuwamo jina la Haki, na pembeni, kwa mwandiko mzuri alioutambua mara moja, paliandikwa: amehama.

"Amehamia wapi?" aliuliza, na sauti yake ikamtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

Woga akatazama kushoto na kulia. "Hajahama," akanong'ona. "Yule pale."

Nje ya ukuta, juani, juu ya debe lililopinduliwa, aliketi mwanamke ambaye Eliza hakuweza kusema ni kijana au mzee. Kifurushi chake kilikuwa miguuni. Aliketi kama wanavyoketi wagonjwa kwenye zahanati ambayo mganga hajafika, bila kulalamika na bila kuondoka. Alimtazama Eliza. Eliza alijiandaa kulaumiwa, kwa kuwa lawama angeweza kuijibu, na Udhuru alikuwa tayari ana majibu matatu mdomoni. Lakini Haki hakumlaumu. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni aliyewahi kuwa jirani yake. Eliza akageuza uso, akaingia langoni haraka.

Katikati ya mji palikuwa na ua mpana wenye moshi wa majiko, na harufu ya nyama iliyokolea viungo ilijaa hadi njiani. Hapo ndipo kwa Tamaa. Maisha yake yote Eliza alidhani Tamaa ni zimwi lenye meno. Kumbe alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye vishimo mashavuni, anayempokea kila mtu kwa mikono miwili. "Karibuni, karibuni wanangu! Kwangu hakuna anayenyimwa!" Na kweli hakunyima. Sufuria zilikuwa zinafunuliwa, sahani zinajazwa, lakini katika ua mzima hapakuwa na kigoda hata kimoja. Watu walikuwa wanakula wamesimama, haraka haraka, kila mmoja macho yako kwenye sahani ya mwenziwe, na mwenye kumaliza alikuwa na njaa kuliko alivyoanza. Eliza aliwatambua wenzake wanne wa kamati. Walimwona, wakajifanya hawakumwona, wakageukia ukuta na sahani zao.

Bwana Sikanyika alikuwapo pia. Alisimama mbele ya sufuria kubwa kuliko zote, upawa mkono huu na upawa mkono ule, jasho linamtiririka, na nyuma yake mikono mingi isiyo na nyuso ilikuwa imenyooshwa. Alikuwa anachota na kuweka, anachota na kuweka, hata tone moja halijafika kinywani mwake.

"Pumzika kidogo, Bwana Mtendaji," Eliza alimwambia, kwa kuwa alimwonea huruma. "Kula na wewe."

"Hawa nikiwanyima, mimi nitaishi wapi?" Sikanyika alijibu bila kugeuka, na akaendelea kuchota.

Tamaa akamkumbatia Eliza kama dada aliyerudi safari. "Wako huu hapa, nimekutunzia," akasema, na akamkabidhi kitu kilichokunjwa kama kitenge kipya. "Ekari sita. Usione haya, si umehangaika sana wewe?" Eliza akakifungua ili akitazame, na kile kitu kikatanuka, kikajaa upepo, kikapaa naye juu, na kabla hajashika chochote akajikuta amesimama angani kwenye shamba la kijani lisilo na ardhi.

Jembe lilikuwa mkononi. Hakukumbuka nani alimpa. Upande wa kulia na wa kushoto yalikuwa mashamba mengine yanayoelea, na juu ya kila moja mtu anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, bila kuimba na bila kunyoosha mgongo. "Lima kidogo, mama," Udhuru alimwambia kwa upole, maana naye alikuwa amepanda huko juu. "Ili wakitazama wakuone unalima." Eliza akainua jembe akalishusha, na jembe likapita katika ardhi ile kama linavyopita katika moshi. Kwa kuwa halikugonga kitu, lilimvuta mabega hadi yakataka kung'oka. Akainua tena. Alilima mstari mmoja, akalima wa pili. Alikuwa amelima tangu utotoni, alijua uchovu wa jembe na utamu wake, jinsi udongo unavyolipokea na kulirudisha, na huu haukuwa uchovu ule. Hapakuwa na mahali pa kuishia wala pa kupumzikia. Nyuma yake mahindi yalichipua papo hapo, marefu, yamejaa, yanang'aa. Akavunja hindi moja akalimenya. Ndani ya ganda palikuwa na ganda. Akamenya tena, ganda. Akamenya hadi vidole vikawaka, hadi mkononi pakabaki nyuzinyuzi tu zilizopeperuka, wala punje hakuiona.

"Dada Kiasi!" akaita. "Uko wapi?"

Kiasi alikuwa amesimama kwenye kilima, karibu na ukingo wa shamba lile, kamba yake begani. "Niko hapa. Siwezi kuja huko. Kijiti changu hakina pa kuchomekwa."

"Nishushe."

"Kwanza tazama chini."

Eliza akapiga magoti ukingoni, akatazama. Chini yake palikuwa na shamba, shamba la kweli, la udongo mwekundu anaoujua, na lote lilikuwa kivulini. Mahindi yake yalikuwa mafupi yanayofika magotini, majani yamegeuka manjano kuanzia nchani, mengine yameingia zambarau kama midomo ya mtoto aliyeshikwa na baridi. Mwanamume mmoja alikuwa anatembea kati ya mistari ameshika kofia, anatafuta mahali penye jua. Alipokiona kipande cha mwanga alikikimbilia, lakini jua la nchi ile lilikuwa linahama, na mashamba ya juu yalikuwa yanahama nalo, na kila alipofika kivuli kilikuwa kimefika kabla yake. Alikuwa Yoramu. Akainua uso.

"Shemeji!" alisema. "Kuna nini huko juu? Mbona jua halitufikii?"

Eliza alitaka kumwambia. Maneno yote alikuwa nayo. Alifungua kinywa, na ulimi ukainuka na neno moja tu: lipo. Akajaribu tena: lipo. Lipo, lipo, lipo, na kila lilipotoka liligeuka ganda tupu la hindi, likaanguka chini taratibu, likatua juu ya majani ya Yoramu na kuyalemea. Eliza akaziba kinywa kwa mikono miwili.

"Neno hilo lilikutoka kwa urahisi," Kiasi akasema kutoka kilimani, na sauti yake haikuwa kali. "Kulirudisha ni kazi. Sikiliza, Eliza binti Namwinga. Ekari haizaliwi. Ukiona imeongezeka mahali, jua kuna mahali imepungua, na aliyepungukiwa ana jina, ana mke, ana mbuzi anaowaita jioni. Wewe ulikuwa unatazama mstari wako. Mimi nimetembea mistari yote."

"Basi nifanye nini?"

"Mimi hupima tu. Kushuka ni kwako."

Udhuru akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu. "Mama, usiruke, utavunjika. Ngoja. Kesho hili shamba linaweza kushuka lenyewe, polepole, hakuna atakayeona. Chukua mwavuli wangu." Na Eliza akautazama ule mwavuli, akatazama chini, akaona umbali ni mkubwa kweli na kwamba kijana hakudanganya kuhusu kuvunjika. Akafumba macho akajiachia.

Alizinduka akikohoa. Moshi ulikuwa umejaa jikoni, maharage yamekauka maji na kushika sufuria, na mwiko umelala sakafuni. Alimwaga maji juu ya moto, akafungua mlango, akasimama kizingitini akivuta hewa. Jua lilikuwa la saa kumi. Kwa muda hakuelewa kitu. Kisha maana ikaanza kumjia, si yote kwa pamoja, bali kama maji yanavyopanda mferejini: kwanza aliona kuwa zile ekari sita aliandikiwa ili anyamaze, kisha akaona sehemu yake ilichukuliwa kwa nani, mwisho akaona kwamba neno lililomkwama kooni si lile la kwenye daftari. Sahihi alitia mbele ya watu waliojua. Yoramu peke yake ndiye aliyedanganywa.

Hata hivyo alikimbilia kwanza njia iliyo rahisi. Nitakwenda ofisini, alijisemea akifunga kanga, nitarekebisha kimya kimya, jina litarudi, na "lipo" yangu itakuwa kweli, hata Yoramu hatajua.

Sikanyika alikuwa anafunga madirisha. Aliposikia haja yake alicheka kidogo.

"Nifute ekari sita? Umeota nini, Mama Lusungu?"

"Ndiyo, nimeota. Zifute, baba. Na Yoramu umrudishe."

Kicheko kikamkatika. Akaketi, akajifuta uso kwa leso. "Unadhani nakula mimi? Njoo ukalie kiti hiki wiki moja, upokee simu ninazopokea." Alifungua daftari, akachora nane ikawa mbili kwa mkono uliokazana hadi karatasi ikachubuka. "Zako ni zako, nimezifuta, na mwaka huu usinijie na shida ya mbolea. Lakini huyo mwingine nimeshaandika amehama. Nikimrudisha, lazima afike mwenyewe na kitambulisho, na mjumbe wa kamati aandike kwa mkono wake kwamba taarifa aliyoisaini haikuwa ya kweli. Gari la wilaya linachukua daftari kesho saa tatu." Akamtazama. "Unanielewa? Ukiandika hivyo, mwenye kosa kwenye karatasi ni wewe. Si mimi."

"Naelewa."

"Nenda kapumzike, mama."

Hakupumzika. Alishuka bondeni, akavuka kijito kwa kukanyaga mawe, akapanda upande wa pili. Njiani alitunga maneno mara nne na mara nne akayaacha. Yoramu alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe, na mkewe, Tabitha, anapeta ulezi. Walimpa kigoda. Eliza hakukaa.

"Shemeji," alisema, "asubuhi nilikudanganya. Jina lako halipo. Limefutwa, limeandikwa umehama, nami nikatia sahihi. Mimi niliandikiwa ekari nane."

Ungo wa Tabitha ukasimama. Yoramu aliendelea kukwangua mpini, mara tatu, mara nne, kisha akauweka chini.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Wenzako walielezwa mapema, na mjumbe mmoja mkewe hajui kunyamaza. Tangu juzi nilijua."

"Sasa asubuhi ulikuja kuniuliza nini?"

"Sikuja kuuliza jina," Yoramu alisema. "Nilikuja kuuliza kama nina mtu mle ndani. Ukanijibu."

Eliza alisimama pale mikono inaning'inia. Tabitha ndiye aliyeuliza, bila kumtazama mgeni wala mumewe. "Na amekuja kufanya nini sasa hivi, huyu?"

"Kesho kabla ya saa tatu unaweza kurudishwa," Eliza akasema. "Inatakiwa uje na kitambulisho. Nitaandika kwamba nilisaini uongo. Nitakuwa mlangoni saa moja."

Yoramu aliinama. Aliokota mpini wake. Eliza akaaga, wakaitikia kwa adabu ya kuitikia mtu yeyote, akashuka kijitoni peke yake.

Usiku huo hakuota kitu, kwa kuwa hakulala. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa njiani, akijiambia kwamba Yoramu hatakuja na kwamba ana haki ya kutokuja. Alipofika kwenye ofisi ya kijiji alimkuta amesimama mbele ya mlango uliofungwa, amevaa koti la kanisani. Walisalimiana. Walisimama bega kwa bega, mpaka Sikanyika alipotokea na funguo, akawaona kwa mbali, akapunguza mwendo, kisha akauongeza tena kama mtu anayetaka jambo liishe.

Alifungua, akaketi, akampa Eliza karatasi. Eliza akaandika mistari mitatu: kwamba alijua, kwamba alisaini, kwamba haikuwa kweli. Chini yake akaandika jina lake. Mtendaji akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo, akavuta daftari.

"Jina?" aliuliza, kana kwamba mtu aliye mbele yake ametoka mkoa mwingine.

"Yoramu Simfukwe."

"Ekari?"

Yoramu akaweka kitambulisho mezani, akakinyoosha kwa kidole hadi kikalingana na ukingo wa daftari.

"Mbili na robo," alisema. Akangoja kalamu ianze kuandika, kisha akainama kutazama. "Na robo, Bwana Mtendaji. Usiiache."